Mahame, Mashamba na Kota: Ardhi Iliyokwisha Kutumika Nachingwea na Ruangwa

Mwaka 1946 Waingereza watatu waliizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, muda mwingi wakiwa angani, wakitafuta ardhi isiyo na watu. Aliyewaongoza ni John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wenzake walikuwa David Martin, aliyetoka kwenye mashamba ya kampuni ya United Africa, na John Rosa, mtu wa benki. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na tume hiyo ndogo ilirudi na jibu kubwa: ekari 3,210,000 za karanga, zigawanywe katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika, mengi yakiwa Jimbo la Kusini, katika misitu iliyo nyuma ya Lindi. Gharama yote ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24.

Aliyeitazama misitu hiyo kutoka angani aliona pori. Angeshuka akatembea, angekuta miembe iliyopangwa kwa mistari mahali ambapo hakuna nyumba, na makaburi yasiyofagiliwa. Kusini mwa Tanzania mahali pa namna hiyo huitwa mahame: palikaliwa, pakahamwa, miti ikarudi. Na sehemu kubwa ya nchi hiyo, kuanzia Ruangwa hadi Nachingwea na kuendelea Liwale, ilikuwa imehamwa kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza ni Majimaji. Vita vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 vilifika Liwale na nyanda za ndani za Lindi katika wiki chache, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki hawajapata hata miaka kumi ya kupumua, Vita Kuu ya Kwanza ikawapita juu. Tarehe 19 Julai 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Narung'ombe, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Ruangwa. Oktoba mwaka huohuo mapambano yalifika Ruponda, Nachingwea ya sasa, ambako Wajerumani walikuwa wameweka ghala kubwa la chakula. Majeshi yote mawili yaliishi kwa nafaka ya wenyeji na kwa migongo ya wapagazi wao. Kisha, katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza yenyewe iliwahamisha watu wa magharibi mwa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na nchi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous.

Kwa hiyo ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu mwaka 1946 ilikuwa imekwisha kutumika, na baadhi ya waliotumia walikuwa hai, wakiishi kilomita chache kutoka hapo. Jambo hili lina uzito hata leo, kwa sababu afisa mipangomiji wa Nachingwea au Ruangwa anayetafuta mahali pa kupima viwanja vya makazi anakutana na maswali yaleyale: ardhi hii imetumika au haijatumika, aliyeitumia ni nani, na kuna karatasi gani inayoonyesha hivyo?

Mpango wa Karanga ulianzia Kongwa mwaka 1947 kwa sababu huko reli ilikuwa karibu. Kusini hapakuwa na reli wala bandari ya maana, hivyo vyote viwili vilipaswa kujengwa kabla karanga haijaota. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kiwandani ili vivute minyororo na kung'oa miti. Shirika la Overseas Food Corporation, lililochukua mpango huo kutoka United Africa mwaka 1948, liliifanya Nachingwea makao yake ya kusini. Mahali palipokuwa msitu pakapata kiwanja cha ndege, karakana, stoo, hospitali, nyumba za wazungu huku na kambi za vibarua kule, na barabara zilizonyooka kama zilivyochorwa kwenye karatasi. Miji mingi ya Tanzania ilikua kwa kufuata soko, boma au misheni. Nachingwea ilishushwa nzima nzima, ikiwa imepangwa tayari, kwa ajili ya zao moja ambalo halikufanikiwa.

Habari ya kushindwa kwake imesimuliwa mara nyingi, hasa tangu Alan Wood, aliyekuwa msemaji wa shirika lenyewe, alipoandika kitabu juu yake mwaka 1950. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango kwa sura yake ya awali na kufuta deni la pauni milioni 36 hivi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kilichofuata. Ardhi iliyosafishwa haikurudishwa kwa mtu yeyote. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya mamlaka ya Gavana, na aliyekuwa akilima kwa mila alitambuliwa ilimradi hakuna mwenye haja kubwa zaidi. Aprili 1955 mashamba yalipita kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, ambalo Nachingwea lilijaribu utaratibu wa wakulima wapangaji: Mwafrika anapewa kipande, anakodishiwa trekta, analima atakachoambiwa. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, reli ya kusini ilifungwa kwa kukosa mizigo, na mataruma na vyuma vikang'olewa. Nachingwea ilibaki na kata inayoitwa Stesheni, lakini treni haifiki tena.

Serikali mpya, basi, ilirithi kitu cha ajabu: mji wenye barabara na majengo usio na kazi, umezungukwa na maelfu ya ekari zilizokwisha ng'olewa visiki. Mashamba yale yalijulikana kwa namba. Moja kati yake, Farm 17, lingeingia katika historia ya bara zima.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962 na kuanza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Kambi yake ya kwanza kubwa ya mafunzo ilikuwa Kongwa, na hilo si jambo la kubahatisha, kwani Kongwa nayo ilikuwa mabaki ya karanga. Baadaye kitovu cha mafunzo kikahamia Nachingwea, kwenye Farm 17, karibu zaidi na Mto Ruvuma. Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, aliongoza mafunzo hapo, wakufunzi kutoka China walifundisha hapo, na kikosi cha wanawake wapiganaji kilipata mafunzo hapo kuanzia mwaka 1967. Mahali hapo pana upande wake mchungu pia: mwaka 1975 viongozi waliotofautiana na chama, Uria Simango na Lázaro Nkavandame wakiwa miongoni mwao, waliletwa Nachingwea na kuwekwa hadharani kama wasaliti kabla ya kupelekwa Msumbiji, ambako waliuawa baadaye. Mei mwaka huo Machel alivuka Ruvuma kuanza safari ya kwenda Maputo, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Wapigania uhuru wa Zimbabwe nao walipata mafunzo Nachingwea katika miaka iliyofuata.

Ukitazama orodha ya waliorithi ardhi ya karanga, mfano mmoja unajirudia. Wapigania uhuru walipata kambi. Jeshi na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) walipata kambi. Utafiti wa kilimo ulipata kituo, na aliyewahi kudhani karanga zilikosea nchi na ajue kwamba mwaka 2009 watafiti wa kusini walitoa mbegu ya karanga inayoitwa Nachingwea. Mgawo ulikwenda kwa taasisi, tena kwa vipande vikubwa. Sababu yake ni ya kiofisi kuliko ya kisiasa. Shamba lililosafishwa, lenye kisima na barabara, ambalo mwenyewe ni mmoja tu, yaani serikali, hukabidhiwa kwa barua moja. Kuligeuza viwanja vya makazi kunahitaji mchoro, mpimaji, bikoni, kamati ya ugawaji, na watu mia kadhaa wenye fomu mia kadhaa. Barua moja ilishinda kila mara.

Tena, kwa miaka 12 hapakuwa hata na wa kupinga. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya na kuweka utaratibu uliojulikana kama Madaraka Mikoani; halmashauri hazikurudi kazini hadi mwaka 1984, baada ya sheria ya mwaka 1982. Diwani wa Nachingwea ambaye angeuliza kwa nini ardhi nzuri ya mjini iko ndani ya uzio hakuwapo. Alikuwapo mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya, na barua zake zilitoka juu.

Ruangwa ina historia nyingine. Haikujengwa na wazungu wa karanga na wala haikupata reli. Ardhi yake iliyokwisha kutumika ni ya aina ambayo haina mchoro wowote: mashamba na makazi yaliyoachwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Mtwara, ambao hadi mwaka 1971 ulijumuisha Lindi yote, uliongoza nchi kwa idadi ya vijiji hivyo mapema kabisa. Mpaka ulikuwa unanuka baruti, na serikali ilitaka watu wakae pamoja ili walindike. Kisha ikaja operesheni ya kitaifa ya miaka ya 1973 hadi 1976, na waliokuwa wametawanyika wakasogezwa kando ya barabara. Nyuma yao waliacha mikorosho.

Hesabu ya korosho inaeleza ukubwa wa kuhama huko vizuri kuliko hotuba yoyote. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi kama tani 16,500. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, bei mbovu ilichangia, lakini mkulima aliyehamishiwa kilomita kumi kutoka kwenye mikorosho yake alikuwa ameshaanza kuiacha izongwe na magugu. Mashamba yakawa mapori, na mapori yenye mikorosho ndani yake. Miaka ya 1990 bei ilipopanda na dawa ya salfa ikasambaa, watu walirudi. Kila familia ilijua miti yake ni ipi na inaishia wapi.

Ndipo mwaka 1995 wilaya ya Ruangwa ikaundwa kwa kumega maeneo ya jirani. Wilaya mpya inahitaji makao makuu, na makao makuu yanahitaji ofisi, mahakama, polisi, hospitali, nyumba za watumishi, soko, stendi. Kijiji kilichokuwa njia panda kikatakiwa kiwe mji. Kwa sensa ya mwaka 2012 wilaya ilikuwa na watu zaidi ya 131,000, nao Nachingwea walizidi 178,000. Kila upande ambako mji wa Ruangwa ungesogea ulikuwa na mikorosho ya mtu.

Sheria iliyopaswa kusaidia ilikuja na kigugumizi. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili kwa pamoja, ya Ardhi namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zikaanza kutumika Mei 2001. Ya kwanza, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili, inapoeleza maana hiyohiyo, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Kwa mwanakijiji wa Nandagala au Mnacho swali ni jepesi zaidi: shamba lililopumzishwa, au mahame ya babu yenye mikorosho kumi na makaburi mawili, limetumika au halijatumika? Wakefield alikuwa na jibu lake. Mwanakijiji ana lake. Sheria namba 4, ukiisoma haraka, inaelekea kwa Wakefield.

Katika utendaji wa kila siku, halmashauri zimejifunza kutoisoma hivyo. Afisa anayetaka kupanga eneo huanza ofisini: picha za satelaiti, michoro ya zamani ya mipangomiji, ramani za upimaji zilizosajiliwa, rejista ya viwanja. Hapo hugundua kwamba kuna kiwanja kilichopimwa zamani kisichojengwa, au mchoro ulioidhinishwa ambao watu wamejenga juu yake bila kuufuata, au eneo la taasisi ambalo mipaka yake haijulikani. Halafu hutoka nje. Akiwa mjini huanza na mwenyekiti wa mtaa. Akiwa kijijini, serikali ya kijiji, na hatimaye mkutano mkuu wa kijiji. Kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kunahitaji tangazo katika Gazeti la Serikali na muda wa siku 90, na eneo likiwa dogo kuliko hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, eneo sharti litangazwe kuwa limeiva kwa upangaji, kisha mchoro upite kwa wadau, kwenye kamati ya madiwani, na kwa mkurugenzi wa mipangomiji. Baada ya hapo mpimaji huweka bikoni. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, kwa hiyo hati ambazo zamani zilisafiri nje ya mkoa sasa hukamilishwa Lindi.

Katikati ya safari hiyo huingia mthamini, na hapo ndipo mahame yanapopata bei. Sheria ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya papo kwa papo, na thamani ya ardhi yenyewe ihesabiwe pamoja na kilicho juu yake. Mkorosho unaozaa una bei yake, mchanga una yake, mzee usiozaa una yake. Juu ya hayo huongezwa posho ya usumbufu, ya usafiri, ya kujihifadhi, na riba malipo yakichelewa kupita miezi sita. Makaburi yana sheria yake peke yake, ya mwaka 1969. Kwa halmashauri ambayo mapato yake makubwa ni ushuru wa korosho na ufuta, eneo la hekta mia moja lenye mikorosho ya watu ni bajeti ya miaka. Ndiyo maana njia iliyoenea ni makubaliano: mwenye shamba hatoi wala halipwi taslimu, bali shamba lake linapimwa, sehemu ya viwanja inabaki kwake na sehemu inakwenda kwa halmashauri kulipia gharama. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali kuu ilitoa mikopo isiyo na riba kwa halmashauri kadhaa nchini kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha, halmashauri ziuze viwanja na zirudishe fedha. Kama mbinu ya kupata viwanja haraka ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba inaisukuma miji itanuke nje, kwenye mashamba, kwa sababu kiwanja kipya kinauzika na cha zamani kina mgogoro.

Hapa inafaa kuitazama Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha mambo Nachingwea. Mwaka 2017 kila halmashauri ya mipango nchini England ililazimishwa na kanuni kuwa na daftari la wazi la ardhi iliyokwisha kuendelezwa inayofaa kwa nyumba: viwanda vilivyofungwa, bohari za reli, gereji, hospitali zilizohama. Kiwanja kisipungue robo hekta, au kiwe na uwezo wa kubeba nyumba tano. Daftari la kwanza lilitakiwa kuchapishwa kabla ya mwaka huo kwisha, na mtu yeyote, mjenzi au jirani, anaweza kulisoma. Nia ni kuzuia nyumba zisile mashamba na misitu wakati viwanja vya viwanda vilivyokufa vinaota magugu katikati ya mji.

Ukiichukua maana hiyo ya England ukaipeleka Nachingwea, matokeo yanachekesha kidogo. Sera ya Waingereza inatoa nje ardhi iliyokuwa ya kilimo au misitu. Inatoa nje pia mahali ambapo mabaki ya majengo yameshamezwa na mandhari. Maana yake, maelfu ya ekari walizozing'oa visiki kwa vifaru vya Sherman yasingeingia kwenye daftari lao wenyewe. Ni shamba tu. Misingi ya nyumba za wazungu wa karanga iliyofunikwa na nyasi nayo isingeingia. Mahame ya Ruangwa, ambayo yana wenyewe wanaojulikana kwa majina na kwa miti, yasingekaribia kabisa mlango wa daftari hilo. Kinachobaki ni vichache: karakana, stoo, kota, kiwanda.

Kiwanda hakikosekani. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, 12 kwa jumla, na kimojawapo kilikuwa Nachingwea. Vilikuja wakati ule ule mavuno yanaporomoka. Vingi vilisimama kwa kukosa korosho, vikauzwa katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 na 2000, na baadhi vikawa maghala. Kwa macho ya mpangaji wa England, kiwanda kilichosimama ndani ya mji, chenye barabara, umeme na maji, ni mahali pa kwanza pa kuweka nyumba. Kwa halmashauri ya wilaya ya Tanzania ni kiwanja chenye hati ya mtu mwingine. Hati ya kawaida humtaka mwenye kiwanja ajenge ndani ya miezi 36, na kisipoendelezwa au kikiachwa, sheria inaruhusu milki ibatilishwe. Lakini anayebatilisha ni Rais. Halmashauri hutoa ilani, huandika mapendekezo, huyapeleka kwa Kamishna wa Ardhi, na husubiri. Na kuna jambo la kuzingatia kabla ya kuilaumu: kusini sasa kuna kilio cha kubangua korosho ndani ya nchi badala ya kuziuza ghafi. Anayegeuza kiwanda cha korosho kuwa nyumba leo huenda kesho akatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha korosho.

Mfano bora wa Kitanzania wa kujenga makazi juu ya ardhi iliyokwisha tumika uko mbali na kusini, nao ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kota za zamani zilibomolewa na kaya 644 zikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Uwanja ukakaa wazi kwa miaka huku wakazi wakidai haki yao, mpaka serikali kuu ilipoingilia kati. Wakala wa Majengo ukajenga maghorofa, na Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua Machi 2022, wakazi wale 644 wakipewa kipaumbele. Ardhi ilikuwa ya umma, waliokuwapo walijulikana kwa idadi kamili, na thamani ya eneo ilistahili gharama ya ghorofa. Masharti hayo matatu hayapatikani pamoja kwa urahisi Nachingwea, ambako kiwanja kikubwa cha pembeni bado kinanunulika kwa mtu wa kawaida na hakuna anayelazimika kupanda ngazi za ghorofa.

Hata hivyo ardhi ya wilaya hizi haina bei ya zamani tena. Lami imefika. Ruangwa, lililokuwa jimbo la Kassim Majaliwa aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi kuanzia 2015, ilipata uwanja wa mpira wenye jina lake na timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Nyumba za wageni zikafuata mashabiki. Madini ya kinywe yamewaleta wawekezaji Matambalale na vijiji jirani, na palipo na mgodi pana leseni, na leseni ni mwombaji mwingine wa ardhi ileile, mwenye mfuko mnene kuliko halmashauri. Kipande ambacho mwaka 2000 mtu angekiita mahame bila kujali, leo kina watu watatu wanaokidai: mjukuu wa aliyehamishwa wakati wa vijiji, mnunuzi mwenye karatasi ya serikali ya kijiji, na mtafiti wa madini. Mabaraza ya ardhi ya kata na ya wilaya yanazijua kesi hizo.

Tanzania haina daftari la ardhi iliyokwisha kuendelezwa kama lile la England, na kulinakili lilivyo kungekuwa kurudia tabia ya mwaka 1946 kwa njia nyingine, ya kuhesabu kwa macho ya mbali. Lakini halmashauri ya Nachingwea au ya Ruangwa inayotaka kuanza lake inaweza kuanza na maswali mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, ni taasisi gani za umma zinazoshikilia ardhi ndani ya mipaka ya mji, na zinatumia kiasi gani? Kambi ziko chini ya Wizara ya Ulinzi, kiwanja cha ndege kina mamlaka yake, kituo cha utafiti kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, shule na chuo vina wizara zake. Kuandika ekari za kila mmoja kwenye karatasi moja hakumnyang'anyi mtu chochote. Maeneo yenye historia ya ukombozi, Farm 17 likiwa la kwanza, yangewekewa alama mapema kabla mpimaji hajafika, kwa kuwa Tanzania imekubali kuyahifadhi.

Swali la pili linaulizwa kwa miguu, kijiji hadi kijiji, kabla picha ya satelaiti haijachapwa: mahame ya nani yako wapi? Wazee waliohamishwa miaka ya 1973 hadi 1976 wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wana umri wa miaka 70 hivi au zaidi. Wanajua kitongoji kipi kilihamia wapi, mwembe upi ulikuwa mpaka, na makaburi yako upande gani wa korongo. Sheria ya vijiji inatambua haki ya kimila hata bila hati, na baraza la ardhi husikiliza ushahidi wa namna hiyo. Mpimaji anaweza kuuweka kwenye ramani kwa kifaa cha mkononi katika asubuhi moja, akiwa na mzee huyo pembeni yake.